Seli Shina: Kitu Hai Kisichofungika Ndani ya Pakiti

Pwani yetu, kama kwingineko Afrika Mashariki, kuna vipakiti vya unga vinavyouzwa kwa jina la seli shina. Mteja huambiwa autie unga chini ya ulimi asubuhi kabla ya kula chochote, na orodha ya maradhi anayotajiwa ni ndefu: kisukari, presha, kiharusi, uvimbe wa kizazi na, kwa sababu tuko Malindi na Lamu, siko seli, ule ugonjwa wa kurithi wa damu. Wakati huohuo imeingia habari nyingine, na hii ni ya kweli: kuna wagonjwa wa siko seli ng'ambo waliotibiwa kwa seli shina zao wenyewe baada ya jeni yao moja kukatwa, na maumivu yakawaacha. Barazani habari hizi mbili zimeungana zikawa moja. Mzazi wa Maweni au wa Mokowe akisikia ile ya kweli redioni, anauona unga wa jirani yake kuwa ndiyo dawa hiyohiyo, tena kwa bei anayoweza kuimudu.

Si dawa hiyohiyo, wala haikaribiani nayo. Ili kuona kwa nini, lazima kwanza tujue seli shina ni nini na hufanya kazi vipi.

Seli ni kipande kidogo kabisa cha mwili chenye uhai wake: hupokea chakula, hutoa taka, na nyingi hujigawa zikawa mbili. Mtu mzima ana seli zipatazo trilioni 30, nyingi zikiwa seli nyekundu za damu. Ndani ya karibu kila seli isiyokuwa seli nyekundu ya damu mna DNA, uzi mwembamba mno ambao ukinyooshwa hufika mita 2 hivi. Jeni ni sehemu ya uzi huo yenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Jeni za namna hiyo binadamu anazo karibu 20,000.

Seli shina ni seli yenye uwezo wa mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, hujigawa na kubakisha mfano wake, hivyo haimaliziki. Pili, huzaa seli nyingine zenye kazi maalumu. Ikikosa moja ya hayo mawili, hiyo si seli shina. Seli ya ini hujigawa, lakini huzaa seli za ini tu. Seli nyekundu ya damu ina kazi maalumu, lakini haijigawi kabisa. Huishi siku 120 hivi kisha huvunjwa. Ndiyo maana uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, hutoa seli nyekundu mpya zinazokaribia milioni 2 kila sekunde. Nyuma ya kazi hiyo yote kuna seli shina chache sana za damu. James Till na Ernest McCulloch, huko Toronto, walizithibitisha kwa panya mwaka 1961: walimpa panya mionzi ya kuua uboho wake, wakamtia seli za uboho wa mwenzake, na kwenye wengu wake vikaota vivimbe vidogo, kila kimoja, kama walivyothibitisha baadaye, kikiwa kimetokana na seli moja tu.

Yai moja hugeukaje kuwa jicho na figo

Yai lililorutubishwa lina upana wa milimita 0.1 hivi. Siku ya tano ni kiduara cha seli mia na kitu. Za nje zitakuwa kondo la nyuma, na fungu dogo la ndani litakuwa mtoto. Wiki ya nne inapoanza, moyo huwa umeshaanza kupiga. Na seli zote hizo, za moyo, za ngozi na za ubongo, zina jeni zilezile 20,000. Hakuna seli iliyopewa fungu la jeni za jicho peke yake. Kinachotofautisha ni jeni zipi zimefunguliwa zifanye kazi na zipi zimefungwa.

Mtu wa Pwani anaijua vizuri njia isiyorudi nyuma. Kidaka huwa kitale, kitale huwa dafu, dafu huwa koroma, koroma huwa nazi, na hakuna mkwezi aliyewahi kuangua nazi iliyorudi kuwa kitale. Seli nazo huenda hivyo. Yai linaweza kuwa chochote, hata kondo. Fungu la ndani la siku ya tano linaweza kuwa kiungo chochote cha mtoto, lakini kwa kawaida halifanyi kondo tena. Seli shina ya damu imekwisha kwenda mbali: huzaa seli nyekundu, seli nyeupe na chembe sahani za kugandisha damu, basi. Haizai ubongo. Haizai kongosho. Anayekwambia kwamba seli shina hizohizo zitatibu goti, jicho na sukari anazungumzia kitu ambacho mwili hauna.

Seli hujuaje mahali pake? Hupokea ishara za kemikali kutoka kwa jirani zake. Ishara ikiwa nzito hufunguliwa jeni hizi, ikiwa nyepesi hufunguliwa nyingine. Juu ya jeni za kawaida ziko jeni chache zenye kuamrisha wenzao. Hizi ziligunduliwa kwanza kwa nzi wadogo wa matunda, wale wanaozingira embe lililoiva sana. Edward Lewis, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1995 kwa kazi hiyo. Jeni moja ya amri ikifunguka mahali pasipo pake, nzi huota miguu kichwani palipotakiwa papasi, vile vipembe vyake vya kupapasia. Mwaka huohuo wa 1995, kundi la Walter Gehring huko Basel lilifungua jeni ya amri ya jicho kwenye mguu wa nzi, na jicho likaota mguuni. Walipotumia jeni ya panya inayolingana nayo, jicho liliota vilevile, tena likiwa jicho la nzi, si la panya. Jeni ilisema tu "hapa jicho", na seli za nzi zikajenga jicho wanalolijua wao. Sisi pia tunayo jeni hiyo, inaitwa PAX6, na mtoto aliyerithi nakala yake moja mbovu huzaliwa bila ile duara ya rangi ndani ya jicho, au akiwa nayo kidogo.

Basi seli ni kitu chenye uhai, chenye jeni zilizofunguliwa kwa mpangilio fulani, kinachosikiliza majirani fulani. Ukikitoa mahali pake, mpangilio huo huyumba. Wataalamu wa maabara hutumia wiki nyingi kuipitisha seli hatua kwa hatua, kemikali hii siku ya kwanza, ile siku ya nne, ili tu ifike kwenye aina moja ya seli wanayoitaka.

Kuna jambo ambalo nazi hailiwezi na seli imeliweza. Mwaka 1962 John Gurdon, Mwingereza, alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi wa chura wa Kiafrika mwenye kucha, akakitia ndani ya yai lililoondolewa kiini chake, na vikatoka viluwiluwi wapya, baadhi wakakua hadi vyura kamili. Kwa hiyo jeni zilizofungwa hazikuwa zimepotea. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwamba hata yai halihitajiki: jeni nne za amri zikitiwa ndani ya seli ya ngozi ya panya, seli hiyo hurudi nyuma hadi kufanana na zile za siku ya tano. Mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 yeye na Gurdon wakapewa Nobel. Hii ndiyo sababu utafiti mwingi leo hautegemei tena seli za viinitete, ile mimba changa ya siku chache.

Lakini seli iliyorudishwa nyuma hivyo ina hatari yake. Ukiichoma mwilini jinsi ilivyo, haijui iwe nini, na huota uvimbe wenye mchanganyiko wa nywele, meno na misuli. Ndiyo maana tiba za kweli hazichomi seli shina za aina hii. Huchoma kile kilichotengenezwa kutokana nazo. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 12 wa kisukari cha aina ya kwanza waliopewa seli za kutoa insulini zilizokuzwa maabara kutokana na seli shina, zikapitishwa kwenye mshipa mkubwa unaoingia ini. Baada ya mwaka mmoja, 10 kati yao hawakuwa wakijichoma insulini. Wote walilazimika kumeza dawa za kutuliza kinga ya mwili, na hizo zina madhara yake. Hii ni habari njema kweli, na imechukua zaidi ya miaka 25 tangu James Thomson wa Wisconsin alipokuza seli shina za kiinitete cha binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1998.

Sasa tuifungue pakiti

Seli iliyotolewa mwilini huanza kufa. Uboho uliotolewa leo hutunzwa kwenye ubaridi na hutumiwa ndani ya saa 24 hadi 72. Ukitaka ukae zaidi, hugandishwa polepole pamoja na kemikali ya kuzuia vipande vya barafu visiitoboe seli, kisha huhifadhiwa kwenye nitrojeni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hata hapo, sehemu fulani ya seli hufa wakati wa kuyeyusha. Sasa fikiria unga mkavu, uliokaa miezi dukani Malindi kwa joto la nyuzi 30, tena pakiti imeandikwa utadumu miaka miwili. Humo hamna seli hai hata moja. Seli shina iliyokufa ni protini na mafuta kidogo, na hayo utayapata kwa wingi kwenye dagaa.

Soma pia kilichoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti. Mara nyingi utakuta tufaha, zabibu au kondo la mnyama. Mimea ina seli shina zake, kwenye ncha za mizizi na machipukizi, na hizo huzaa majani na matawi. Maagizo ya kutengeneza seli ya damu ya mtu hazina. Na chochote kinachomezwa hukutana na asidi ya tumbo na vimeng'enya vya kuvunja protini, sawa na nyama uliyokula. Kukiweka chini ya ulimi hakubadilishi kitu: ngozi ya hapo hupitisha molekuli ndogo za dawa, lakini haipitishi seli nzima. Na kama ingepita, kinga ya mwili ingeitambua kuwa ngeni na kuiua.

Muuzaji mjanja zaidi hubadili maneno. Atasema unga wake si seli shina, bali huziamsha zile ulizo nazo. Uboho una wa kuuamsha: figo zikihisi upungufu wa oksijeni hutoa homoni inayouhimiza utengeneze seli nyekundu, na damu ikitosha homoni hupungua. Seli zinazojigawa bila kusikiliza amri ya kuacha tunazijua. Huo ndio mwanzo wa saratani. Kwa hiyo unga wenye nguvu hiyo kweli ungekuwa dawa ya hatari, wa kutolewa kwa kipimo na daktari, si wa kuuziana msibani na harusini.

Lakini kuna shuhuda! Fulani alikuwa hoi, akatumia, akainuka. Shuhuda hizi haziletwi na watu waongo, na kwa siko seli zina maelezo mawili. La kwanza: kipindi cha maumivu ya siko seli huja na kuondoka chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja. Chochote alichotumia mgonjwa siku ya nne au ya tano, iwe unga, kombe au mafuta ya kuchua, kitapewa sifa. La pili halijulikani sana, na limewapotosha hata watu waliosoma: mgonjwa aliyeongezewa damu hubeba seli za mtoaji kwa wiki kadhaa, hata miezi mitatu. Ukimpima wakati huo, karatasi itaonyesha himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya aina A, ya mtu mzima salama, na familia itaamini amepona. Kipimo cha kutambua aina ya himoglobini kingoje miezi mitatu hadi minne baada ya kuongezewa damu. Tena kile kipimo cha haraka kinachojibu tu kama damu ina S, himoglobini ya siko seli, au haina hakitofautishi mgonjwa na mbebaji, yaani mwenye nakala moja tu ya jeni yenye kasoro.

Madhara makubwa ya pakiti huja pale mtu anapoacha dawa yake. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kuwa mahututi ndani ya siku moja au mbili. Sindano zinazouzwa kwa jina la seli shina ni hatari zaidi, kwa sababu hizo zina kitu ndani. Florida, Marekani, mwaka 2015 wanawake watatu walilipa dola 5,000 kila mmoja wakachomwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya tumbo lao. Wote walipoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona au kuona kote. Na mwaka 2009 iliripotiwa habari ya mvulana wa Israeli aliyechomwa huko Urusi seli za ubongo za vijusi, na miaka baadaye akakutwa na uvimbe kwenye ubongo na uti wa mgongo, wenye DNA isiyokuwa yake.

Tiba iliyothibitika inavyofanywa

Tiba kongwe ya seli shina ni ya kuhamisha uboho. E. Donnall Thomas aliianza Marekani miaka ya 1950 na kupata Nobel mwaka 1990. Huponya baadhi ya saratani za damu, na huponya siko seli. Ugumu wake uko kwenye kulinganisha na kwenye maandalizi.

Kulinganisha kwanza. Seli zetu zina alama juu yake, ziitwazo HLA, ambazo kinga huzitumia kujua nani mwenyeji na nani mgeni. Kila mtoto hurithi fungu moja la alama kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na kila mzazi ana mafungu mawili. Hivyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu. Ndugu wa baba mmoja tu kwa kawaida hulingana nusu au wasilingane kabisa, na hili lafaa kusemwa mapema kwenye familia zenye wake wawili, ili watoto wa nyumba ya pili wasilaumiwe kwa kutofaa. Kwa siko seli, mtoaji lazima pia asiwe mgonjwa. Mbebaji wa AS, aliyerithi A kwa mzazi mmoja na S kwa mwingine, anaruhusiwa. Wazazi wote wakiwa AS, kila ndugu ana nafasi 3 kati ya 16 ya kulingana na pia kutokuwa mgonjwa. Siku hizi zipo njia za kutumia hata mtoaji wa nusu, kama mzazi, ila zinahitaji uangalizi mkali zaidi.

Mtoaji hupigwa nusu kaputi, na sindano ndefu hunyonya uboho kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, kwa mtu mzima karibu lita moja. Hakuna anayegusa uti wa mgongo, na hakuna anayelemaa kwa sababu ya kutoa uboho. Atapata maumivu ya nyonga siku kadhaa na uboho utajirudishia wenyewe ndani ya wiki chache. Njia nyingine ni kumchoma mtoaji dawa siku nne au tano ili seli shina zitoke mifupani na kuingia kwenye damu, kisha mashine huzichuja kutoka mkononi.

Mgonjwa, kwa upande wake, hupewa dawa kali za kuua uboho alio nao, maana pasipo nafasi seli mpya hazikai. Kisha huwekewa seli hizo kwa dripu mkononi, saa chache tu, na inashangaza jinsi hatua hiyo ilivyo nyepesi: seli shina huzunguka na damu na kwenda mifupani zenyewe. Mlima uko baadaye. Kwa wiki mbili hadi nne mgonjwa hana seli nyeupe za kutosha, na fangasi au bakteria wa kawaida anaweza kumuua. Akivuka hapo, seli nyeupe za mtoaji zinaweza kuuona mwili mzima wa mgonjwa kuwa mgeni na kuushambulia: ngozi, ini, utumbo. Zile dawa za kuua uboho, ambazo ni dawa za saratani, zinaweza pia kumnyima uwezo wa kuzaa. Kwa hiyo madaktari hawaiendei tiba hii kwa kila mtu, ingawa kwa mtoto aliyepata ndugu anayelingana matokeo huwa mazuri sana.

Jeni iliyofungwa baada ya kuzaliwa

Siko seli hutokana na badiliko dogo ajabu. Vernon Ingram alionyesha miaka ya 1956 na 1957 kwamba himoglobini ya mgonjwa hutofautiana na ya mzima kwa kipande kimoja tu cha mnyororo wake. Kipande hicho huzifanya himoglobini zishikane zikiwa zimetoa oksijeni, seli hupinda, hukwama kwenye mishipa midogo, na hufa baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120. Baridi, kiu, homa na uchovu huharakisha kushikana huko.

Kwa nini Pwani? Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alikusanya damu nchini mwaka 1949 akakuta wabebaji ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni nadra nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha sababu: mwenye nakala moja, AS, hukingwa dhidi ya malaria. Utafiti wa baadaye huko Kilifi umeonyesha kinga hiyo hufika karibu asilimia 90 kwa malaria kali. Mwenye nakala mbili, SS, ndiye anayelipia. Kati ya watoto wachanga waliopimwa Kilifi, chini kidogo ya 1 kwa kila 100 alikuwa na ugonjwa huu. Hakuna aliyerogwa.

Mtoto wa SS huzaliwa mzima wa afya na huendelea hivyo miezi kadhaa, kisha ghafla vidole vinavimba na analia. Jirani atasema ametupiwa kijicho. Ukweli ni kwamba mtoto tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, F, isiyoshikana, na inayonyonya oksijeni vizuri kutoka kwa mama. Baada ya kuzaliwa, jeni ya F hufungwa polepole na ya mtu mzima hufunguliwa. Karibu na mwezi wa sita, F huwa imebaki kidogo. Hapo kasoro hujitokeza. Wanasayansi waliona zamani kwamba watu wachache ambao F yao haifungiki husumbuliwa kidogo na ugonjwa. Jeni inayoifunga F ikapatikana: BCL11A.

Ile tiba ya redioni ni hii. Seli shina za damu za mgonjwa hutolewa, na ile dawa ya kawaida ya kuzitoa mifupani haitumiki kwake kwa sababu inaweza kumletea maumivu ya kuua. Hutumiwa nyingine, pleriksafo, na huenda akarudishwa kwenye mashine mara kadhaa. Maabara, kwa chombo cha kukatia DNA kiitwacho CRISPR, ambacho Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walipewa Nobel kwacho mwaka 2020, hukata kipande kinachoiwasha BCL11A ndani ya seli za damu. Utengenezaji na vipimo huchukua hadi miezi sita. Kisha mgonjwa hupewa dawa ya kuua uboho wake, na seli zake zilizokatwa hurudishwa. Jeni yenye kasoro haijarekebishwa, bado ipo. F ndiyo iliyofunguliwa tena. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa mwaka mzima bila maumivu makali. Bei Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Bei hiyo inakatisha tamaa, lakini jeni hiyohiyo ya F husukumwa na kidonge. Haidroksiyurea huongeza F, si kwa wote sawa, na haiponyi. Ilijaribiwa Afrika kwa zaidi ya watoto 600 wa mwaka 1 hadi 10 huko Angola, Kongo, Uganda na Kenya, na kituo cha Kenya kilikuwa Kilifi. Maumivu na malaria vilipungua kwa karibu nusu, kuongezewa damu kukashuka hadi theluthi, na vifo vikapungua. Huanzwa kwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na damu hupimwa kila mwezi mwanzoni, kwa kuwa huweza kushusha seli nyeupe. Zikishuka mno dawa husimamishwa kidogo kisha hurudiwa. Huhitaji miezi kadhaa kuonyesha kazi yake, na wengi huiacha wiki ya tatu wakiona haisaidii. Kidonge hiki, penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano, chanjo, kinga ya malaria na maji ya kutosha havitangazwi sana, lakini ndivyo vinavyowafikisha watoto wa huku utu uzima.

Kitovu, kondo na hukumu yake

Damu iliyobaki kwenye kitovu baada ya mtoto kuzaliwa ina seli shina za damu za kweli. Eliane Gluckman aliihamishia kwa mtoto kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1988. Lakini ni kidogo, mililita mia hivi au pungufu, hutosha zaidi mtoto kuliko mtu mzima, na haina faida isipokusanywa na kugandishwa pale pale. Kondo lililozikwa, kukaushwa au kusagwa halina seli hai.

Wengi Lamu huuliza kuhusu uhalali. Baraza la Fiqhi la Rabita, ile jumuiya ya Waislamu duniani, katika kikao chake cha Makka mwaka 2003, liliruhusu seli shina zinazotoka kwa mtu mzima aliyeridhia, kwenye kitovu na kondo, kwenye mimba iliyotoka yenyewe, na kwenye viinitete vilivyobaki baada ya tiba ya uzazi ya mke na mume vikitolewa kwa ridhaa yao. Lilikataza kutoa mimba kwa makusudi kwa ajili hiyo. Tiba ya CRISPR niliyoeleza haigusi kiinitete chochote.

Na kwa kuwa haigusi kiinitete, haigusi mbegu wala mayai ya mgonjwa pia. Hili huwachanganya wengi tangu He Jiankui wa Uchina alipobadilisha jeni za viinitete mwaka 2018, jambo lililomfunga gerezani. Kwa tiba ya damu, aliyepona bado ni SS katika mbegu zake, na atampa kila mtoto wake S moja. Akioa mwenye AA, yaani asiye na S, watoto wote watakuwa AS, wazima. Akioa mwenye AS, kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mgonjwa. Kwa hiyo hata aliyepona, posa ikifika, mchumba wake apimwe damu, kwa kipimo kinachotaja aina za himoglobini kwa majina.